Punje Isiyosomeka

Desideria Sikazwe alikuwa amekwisha kushinda, na alijua. Mkutano wa asubuhi ile ulikuwa wa kutia saini tu. Kwa miaka mingi alikuwa amezunguka Ufipa yote, kutoka hospitali hadi hospitali, akibishana na wakurugenzi na mafundi mitambo juu ya jambo ambalo wengi waliliona dogo: mashine zao zianze kuongea lugha moja. Mwanzoni walimcheka. Wengine walimwacha akingoja kwenye benchi mpaka jua likazama. Sasa walikuwa wameketi mbele yake kwenye ukumbi wa baraza la afya, hapo Sumbawanga, kila mmoja na kalamu yake, na chai ilikuwa imekwisha kupita.

Zama hizo Sumbawanga ilikuwa imenona kwa gesi ya heli iliyochimbwa bonde la Rukwa. Kila aliyekuja kuchimba alijenga hospitali yake, na kila hospitali ilinunua akili yake, ile mashine inayompima mgonjwa, inayomchagulia dawa na kuiongoza mikono ya chuma wakati wa upasuaji. Watu wazima wengi walikuwa na punje mkononi. Ilikuwa kitu kidogo kama chembe ya mchele, kimefukiwa chini ya ngozi, kikidondosha dawa kwenye damu usiku na mchana bila mwenyewe kukumbuka. Aliyepandikizwa punje hospitali ya serikali, punje yake ilisomwa na akili ya serikali. Wa misheni, na misheni. Ukivuka barabara ukaingia hospitali nyingine, mashine yao ilikutazama kama mtu aliyeanguka kutoka mawinguni.

Akili hizo hazikuwa na upungufu wowote wa werevu. Kilichozishinda ni maneno. Moja iliandika kifafa kwa namba, nyingine kwa herufi, ya tatu iliuweka ugonjwa huo ndani ya fungu moja na kizunguzungu. Moja ilihesabu dozi kwa siku, jirani yake kwa saa. Watu walikuwa wamekufa kwa tofauti hiyo, na Desideria aliwajua baadhi yao kwa majina. Ndipo akaandika Msamiati: maneno ya tiba, kila neno na maana moja tu, pamoja na kanuni za namna mashine moja itakavyouliza na nyingine itakavyojibu. Hospitali itakayosaini itaifundisha akili yake Msamiati, basi.

Kilichobaki kubishaniwa kilikuwa kipengele cha mwisho.

"Kinasema faili zima," alisema Sista Perpetua Kapele, daktari na msimamizi wa hospitali ya misheni ya Ntalima. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa maneno, miwani imemshuka puani. "Mgonjwa akiingia hospitali yoyote, faili lake zima linamfuata. Tangu kuzaliwa."

"Ndiyo, Sista," alijibu Gaudens Nswima, mkurugenzi wa hospitali ya kampuni ya Mwamba, iliyokuwa kubwa kuliko zote na yenye ndege za wagonjwa. "Lugha bila mazungumzo ina faida gani? Mimi nikimpokea mtu amevunjika, sitaki kubahatisha. Nataka nijue kila kitu."

"Wewe unataka, au kampuni inataka?"

Gaudens hakukasirika. Alikuwa mtu wa adabu, tena daktari mzuri kabla hajakalia kiti cha ukurugenzi. "Vyote viwili, Sista. Siwezi kukudanganya."

Wote wawili walimgeukia Desideria. Kipengele kile alikuwa amekiandika yeye, ili Mwamba wakubali kujiunga. Bila Mwamba, Msamiati ungebaki lugha ya hospitali ndogo ndogo zinazosalimiana zenyewe kwa zenyewe. Aliona ameamua vyema, na mpaka dakika ile hakuwa amekosa usingizi.

"Sista, tulishazungumza," alisema kwa upole. "Faili zima ni salama zaidi kwa mgonjwa kuliko nusu ya faili."

Alikuwa bado hajamaliza pale kioo kikubwa cha ukutani kilipowaka. Uso wa kijana mwenye kofia ya upasuaji ulitokea. Alikuwa Daktari Salvius Mbalazi, mpasuaji wa zamu huko Mwamba.

"Mkurugenzi, samahani kuingilia kikao," alisema. "Nina mgonjwa ameanguka kutoka ngazi ya kreni, pale kisima cha kusini. Bandama limepasuka, anavuja damu ndani. Mikono ya chuma imekataa kuanza."

"Imekataa kwa nini?" aliuliza Gaudens.

"Ana punje isiyosomeka. Inadondosha dawa ambayo akili yetu haiijui, na haitaki kuchanganya dawa ya usingizi na kitu kisichojulikana. Inanishauri niitoe punje kwanza ndipo nipasue. Nami naona nikubali, muda unakwisha."

"Jina la mgonjwa?"

"Restituta Simbeye. Mwendesha kreni."

Sista Perpetua alivua miwani yake akaiweka mezani taratibu.

"Msiitoe hiyo punje," alisema Sista.

"Kwa nini, Sista?"

"Nimesema msiitoe." Akasimama. "Desideria, njoo nje."

*

Barazani upepo wa Ufipa ulikuwa ukivuma kwa nguvu, na mitambo ya umeme juu ya kilima ilizunguka bila kupumzika. Sista Perpetua aliufunga mlango nyuma yao.

"Ni mgonjwa wangu," alisema. "Punje niliipandikiza mimi."

"Basi tumepona. Fungua faili lake, Sista. Nina ufunguo wa majaribio hapa, naweza kuiunganisha akili yako na ya Mwamba sasa hivi. Msamiati uko tayari."

"Nilimwahidi sitafanya hivyo." Sista alimtazama usoni. "Alikuja kwangu kwa miguu, akapita hospitali ya kampuni yake mlangoni kabisa, akaja mpaka Ntalima. Akaniambia: Mama, Mwamba wasijue, hata nikifa. Anaishi nyumba ya kampuni na watoto wake na mama yake mzazi. Akifukuzwa kazi, wote wanatoka siku hiyo hiyo. Na akili ya Mwamba, unajua inavyofanya. Kila kinachoingia humo kinafika ofisi ya ajira kabla ya jua kuzama. Gaudens mwenyewe ameniambia hawezi kunidanganya."

Desideria aliitazama saa yake. Ufunguo wa majaribio ulikuwa kwenye saa ya mkononi mwake. Mguso mmoja tu, na faili zima la Restituta Simbeye lingemwagikia Mwamba kama maji. Angepona. Na angezinduka hana kazi, hana nyumba, na siri yake ikiwa mikononi mwa watu aliowakataza. Kwa kipengele kile cha mwisho jambo hilo lisingehitaji hata ufunguo. Lingetokea lenyewe, kwake na kwa kila mtu, kila siku. Ndicho alichokiandika. Alikiona sasa jinsi kinavyotembea, kina jina la mtu na ngazi alikoanguka.

"Ukikaa kimya, atakufa," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuita wewe na si Gaudens." Sista alitoa pumzi. "Niliapa kumtunzia siri yake. Sikuapa kumwacha afe. Niambie kuna njia iliyo katikati. Wewe ndiye uliyeziandika hizo kanuni."

Desideria alishika ukingo wa baraza. Alipokuwa akiupima Msamiati, miaka ile ya mwanzo, hakuna hospitali iliyokubali kumpa mafaili ya watu halisi. Akalazimika kutunga namna ya kuzijaribu mashine bila faili: moja inauliza swali, nyingine inatazama ndani kwake na kutoa jibu, ndiyo au hapana, pamoja na la kufanya. Ilikuwa kama ngazi za fundi rangi, kazi ikiisha zinaondolewa. Ila hakuwahi kuziondoa. Zilikuwa bado ndani ya kanuni, nyuma kabisa, ambako hakuna aliyesoma.

"Ipo," alisema. "Akili yako haitatoa faili. Itajibu maswali tu. Dawa fulani inagombana na iliyomo kwenye punje, au haigombani. Jina la ugonjwa halitatajwa, wala jina la dawa."

"Salvius si mjinga. Akiuliza maswali matatu atajua."

"Atajua Salvius. Daktari aliyeshika kisu ana haki ya kujua kiasi hicho, Sista. Ofisi ya ajira haina."

Sista Perpetua alifikiri kidogo. "Lazima Gaudens azibe kwanza bomba linalopeleka taarifa ofisi ya ajira," alisema. "Kabla ya jibu la kwanza."

*

Gaudens aliwasikiliza akiwa amesimama. Kwenye kioo, nyuma ya Salvius, walimwona mwanamke amelala chini ya taa, na manesi wakibadilisha chupa ya damu.

"Mnaniomba nikate taarifa zinazokwenda kwa mwajiri wangu," alisema Gaudens.

"Kwa mgonjwa huyu, kwa sasa," alisema Desideria. "Na kwa wote, tukirudi mezani."

"Dada Desideria, kaa ufikiri. Sista anaficha kitu, na sihitaji mashine kunieleza ni kitu cha aina gani. Mwanamke huyu anaendesha kreni. Chini ya kreni ile wanapita watu, asubuhi hadi jioni, nao wana watoto vilevile. Kama ana ugonjwa unaoweza kumwangusha akiwa juu, huoni kwamba wale walio chini wana haki yao?"

Lilikuwa swali la haki, na Desideria hakulikwepa.

"Wanayo," alijibu. "Nami nitakaa na wewe tulijadili swali hilo mpaka tulimalize, na Restituta mwenyewe akiwepo. Lakini mtu akishajua kwamba kitanda cha hospitali kina masikio ya tajiri wake, hataacha kuugua. Ataacha kusema. Atapanda kreni hivyo hivyo, na wewe hutajua kamwe. Leo hii hukujua. Umewahi kujiuliza ni wangapi wengine?"

Gaudens alimtazama Sista, kisha akatazama kioo. Mistari ya mapigo ya moyo ilikuwa inapungua kimo.

"Mkurugenzi," alisema Salvius, "naomba uamuzi."

Desideria alifikiri kwamba mkurugenzi atasema anahitaji kumpigia simu mtu fulani wa juu. Wakurugenzi wengi wangefanya hivyo. Gaudens alivuta kiti, akaketi, akakigusa kidude cha simu sikioni mwake.

"Fundi," alisema, "ziba bomba la ofisi ya ajira. Ndiyo, lote. Wakiuliza, waambie ni agizo langu, waje kwangu." Akangoja. "Limezibwa? Haya." Akageuka. "Ulizeni."

Desideria aligusa saa yake. Akili ya Mwamba na akili ya misheni, ambazo hazikuwahi kusalimiana tangu ziundwe, zilitambuana kwa namba ya ile punje. Maneno yalianza kupanda kwenye kioo, meupe, mafupi, kwa lugha ambayo Desideria alikuwa ameijenga neno kwa neno.

Mwamba iliuliza: punje ikiondolewa sasa, ipo hatari?

Misheni ilijibu: ndiyo, kubwa. Iacheni iendelee.

Salvius alirudisha kisu kidogo kwenye sinia.

Dawa ya usingizi iliyopangwa, inagombana?

Hapana. Punguzeni kiasi kwa robo.

Damu yake itaganda kama kawaida?

Itachelewa. Wekeni akiba ya chembe sahani za kugandisha damu.

Mikono ya chuma, iliyokuwa imekunjwa kama ya mtu aliyenuna, ilifunguka. Ukumbini mtu mmoja alitoa pumzi ndefu. Desideria alidhani maswali yamekwisha, lakini akili ya Mwamba, kwa kuwa ilikuwa imepata mwenzake wa kuongea naye, iliendelea kutazama kumbukumbu zake yenyewe na kuuliza kila dawa iliyokuwa imempa mgonjwa yule.

Dawa ya kifua aliyoanzishwa hapa wiki iliyopita, inagombana?

Jibu lilikuja kwa rangi nyekundu.

Ndiyo. Inaiua nguvu dawa ya punje. Ikomeshwe mara moja.

Sista Perpetua alifunga macho.

"Alikuja kliniki yetu na kikohozi," alisema Salvius taratibu, akisoma. "Tukampa dawa hii. Akili yetu haikuwa na namna ya kujua." Akasoma tena, akili yake mwenyewe ikimalizia hesabu. "Mkurugenzi, hakuanguka kwa ugonjwa wake. Kwa ugonjwa wake alikuwa amekaa salama. Ameanguka kwa dawa yetu."

"Mpasue," alisema Gaudens. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mpasue vizuri."

*

Restituta Simbeye alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea usukani mzito. Siku kadhaa baada ya upasuaji, Desideria alipoingia wodini pale Mwamba, alimkuta ameketi kitandani, bandeji tumboni, akila uji kwa kijiko kana kwamba anagombana nao. Sista Perpetua alikuwa kwenye kiti pembeni.

"Shikamoo, mama," Restituta alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba. Mimi ni Desideria. Ndimi niliye..."

"Sista ameshaniambia wewe ni nani." Aliweka kijiko chini. "Nataka nisikie kwako. Nani amejua?"

"Sista alijua. Mimi sijaambiwa ugonjwa, ila nimekisia. Daktari Salvius amejua, nadhani. Mkurugenzi anajua kwamba kuna jambo, na anajua dawa ya hospitali yake ndiyo iliyokuangusha. Ofisi ya ajira haijapata hata neno moja. Bomba bado limezibwa."

"Mlipitisha faili langu?"

"Hapana. Faili liko Ntalima, halijasogea. Yalipita majibu tu."

Restituta alitazama dirishani. "Nilisema hata nikifa," alisema.

"Ulisema," Sista aliitikia. "Ukitaka kunilaumu, nilaumu. Nipo hapa."

Desideria alikuwa amejiandaa kujitetea, alikuwa na maneno mazuri tayari, lakini aliyaacha. Mwenye haki ya kusema alikuwa mmoja tu mle ndani.

"Mama, nilipokuwa ngazini nilihisi," Restituta alisema hatimaye. "Ile harufu ya kuungua inayotangulia kifafa. Miaka yote sijaisikia, tangu uniwekee punje. Nikajua kinakuja. Nikashuka mbio nisiwe juu ya watu." "Kingekuja nikiwa kitini, nimeshika mzigo, je? Nimelala hapa nalifikiria hilo hilo. Si maumivu ya tumbo yaliyoninyima usingizi."

"Na sasa?" aliuliza Desideria.

"Sasa mwiteni mkurugenzi. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Gaudens alikuja mwenyewe, bila msaidizi. Alipewa kiti, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Restituta alipomaliza, yeye alisema, "Pole, mama. Kosa la dawa ni letu, na nimekwisha kuliandika hivyo kwa wakubwa. Nyumba yako haiguswi. Kwa hilo nimeweka kiti changu rehani."

"Na kreni?"

Gaudens alimgeukia Desideria, naye alikuwa amekuja na jibu. Kipengele cha mwisho cha Msamiati alikuwa amekifuta na kukiandika upya, na hospitali zote zilikuwa zimesaini, Mwamba nayo, baada ya siku za kelele na wakubwa wa kampuni waliotaka kujua ni nani aliyeziba bomba. Faili linakaa kwa aliyelitunza. Linalosafiri ni swali, na jibu lake. Mwajiri anaruhusiwa swali moja tu: mtu huyu anafaa kwa kazi hii? Jibu haliondoki hospitali mpaka mgonjwa mwenyewe alisome na kuliruhusu, na asiporuhusu, mwajiri huambiwa tu kwamba hajaruhusu.

"Kwa hiyo naweza kulizuia," alisema Restituta.

"Unaweza," alisema Desideria. "Utabaki chini na kazi nyingine, nyumba yako na ujira wako vilevile, mpaka utakapotaka kuuliza tena. Hakuna mwingine atakayejua sababu."

"Ulizeni."

Gaudens aliuliza kwa kidude chake cha mkononi. Akili ya misheni, mbali kule Ntalima, ilitazama ndani kwake, na kioo kidogo cha kitandani kikawaka mbele ya Restituta peke yake. Wengine watatu waligeuza nyuso ukutani bila kuambiwa. Alisoma kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe lilivyohitaji.

"Imeandika: bado," alisema. "Miezi sita, kisha apimwe tena."

Sista Perpetua alitaka kusema kitu. Restituta alimzuia kwa kiganja.

"Ni sawa, Mama. Hata mimi ningejibu hivyo." Akanyoosha kidole, akaligusa neno la kuruhusu, akalikandamiza kwa nguvu kama mtu anayefunga breki.